Kiatu cha Shangazi

Shangazi Nakijwa kaja toka Upareni,
kiatu kimoja kinacheka.
Nikampeleka kwenye saa ya Mjerumani.
"Inakwenda?"
Haiendi.
"Basi twende sisi."

Amboni, mwongozaji akainua kurunzi:
hii meli, huu msikiti, hili kochi.
"Mie naona mawe," akaninong'oneza,
"ila mwache, ana watoto."

Raskazone alichovya kidole, akaonja bahari,
akakunja uso kama aliyepunjwa dukani.

Jua limeshapoa, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
fundi akakishona kile kiatu, uzi mwekundu,
hela akazisukuma kwa kiwiko:
"Cha mgeni hakina bei."

Mwaka umepita. Akipiga simu
haulizii pango, wala maji.
"Yule wa uzi mwekundu," husema,
"hajambo?"