Kilo Ishirini na Tatu

Oulu, saa tisa mchana, na giza limeshaingia.
Sanduku kubwa limepanua kinywa sebuleni
kama mgonjwa mbele ya daktari wa meno.
Päivikki ana orodha mkononi, kalamu sikioni:
soksi jozi kumi, nepi za Ilmari,
dawa ya homa, ya kuhara, ya masikio
(mwaka juzi tuliisahau ya masikio; sitaki kusimulia),
kofia za jua, tulizozinunua juzi
katika duka la majembe ya theluji,
muuzaji akitutazama kama watu waliokosea mwezi.

Tunakwenda Brisbane, kwa dada yangu Helka.
Ndege tatu, saa thelathini na moja, watoto watatu:
hesabu isiyogawanyika.

Natia, wanatoa. Natoa, wanatia.
Lempi ana miaka minne na ameshakata shauri
kwamba sungura wake wa kitambaa hasafiri
bila blanketi, bila mto,
bila karoti, karoti ya kweli, ya kula njiani.
Karoti nimeitoa mara mbili.
Mara ya tatu nimeikuta ndani ya kiatu changu,
imefunikwa soksi, imelala.

Napanda mizani ya bafuni peke yangu,
kisha napanda na sanduku kifuani kama bwana harusi,
natoa uzito wangu, ambao nao siutaji:
ishirini na tatu, na pakiti za kahawa zimeshiba humo,
alizoagiza Helka, kahawa "ya nyumbani",
utadhani mbuni huota Oulu.

Ndipo akaja Tuukka, miaka saba, mashavu mekundu,
na chupa ya chai, ile ya kijani iliyobonyea.
Ina nini?
Theluji.
Ya nani?
Ya Aava.

Aava wa Helka amezaliwa kulekule.
Alimwambia kwenye simu kwamba theluji ni kitu cha katuni.
Tuukka hakubishana naye. Alivaa buti akatoka.

Nikamweleza sheria za uwanja wa ndege,
mkoba wa mkononi, kimiminika, mililita mia.
Akafikiri.
"Theluji ni kimiminika?"
Sasa hivi, hapana.
"Basi," akasema, akaenda kupiga mswaki.

Päivikki akaniangalia juu ya orodha,
jicho lile la *mwambie wewe*.
Sikumwambia.

Saa kumi alfajiri. Teksi inakuja kumi na moja.
Wamelala na nguo za safari, Lempi na viatu kabisa.
Nimefungua chupa jikoni:
nusu maji, nusu uji wa barafu,
sindano moja ya msonobari ikielea.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila aliyesema hivyo kibaba chake hakikuwa kinayeyuka.

Nikamwaga. Nikavaa koti juu ya pajama,
nikatoka na kijiko cha supu.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri;
pua inaganda kwa ndani.
Nikachagua ya juu ya uzio, isiyoguswa hata na paka,
nikashindilia kijiko baada ya kijiko
mpaka vidole vikafa ganzi.
Itayeyuka kabla ya Helsinki. Najua.
Akili zangu ninazo.

Ndani, sanduku likagoma: kilo nzima imezidi.
Nikatoa viatu vyangu vya ngozi.
Nikatoa kitabu nilichojidanganya nitakisoma.
Nikatoa pakiti moja ya kahawa;
Helka atanisamehe, au hatanisamehe.
Chupa nikailaza katikati ya kofia za jua,
nikavuta zipu, nikapanda mizani tena,
miguu mitupu, sanduku kifuani.

Ishirini na tatu kamili.

Karoti nimeiacha ilipo.