Kijiti kwa Nyamizi

Wifi Nyamizi,
kijiti ulichoomba nimekikata leo alfajiri,
urefu wa shibiri, chini kidogo ya kifundo,
nikakiviringisha kwenye gazeti lililolowa
na kumkabidhi kondakta wa basi la Nzega, yule mwenye pengo.
Mpe elfu moja. Akidai mbili, mwambie nimesema moja.

Kina miiba midogo, huioni
mpaka ikukumbushe. Kishike
kama unavyomshika mtoto wa mtu.

Jina lake? Hapa Isevya kila mdomo na lake.
Mtunza bustani wa kota za reli alituachia "lantana".
Mama mkwe aliita mvuti, akaziba pua.
Kaka yako analiita gugu:
kila Januari analifyeka mpaka kisiki,
kila Machi ananyamaza.

Kichomeke penye jua kali.
Kivuli hukirefusha tu, kikawa bahili.
Mchanga huu wetu, unaokunywa ndoo na kuuliza nyingine,
kinauweza. Wiki tatu za mwanzo
maji ya kuoshea mchele yanatosha,
kisha kiache. Samadi usikipe.
Mimi nilikipa, kwa mapenzi,
kikanenepa majani, kikasahau kuchanua,
kama binamu yenu Shija alipopata cheo.

Utaona kishada si kikubwa kuliko kifungo cha koti,
njano katikati, chungwa, halafu wekundu ukingoni.
Usidhani ni mbegu tatu zimechanganyika.
Kila kiua huzaliwa njano
na huzeeka kwa kuwaka.
Vipepeo wanalijua hilo, hutua kwenye njano,
wekundu wanauacha kwa ajili yetu.

Sasa la mbuzi, maana najua umesikia.
Ni kweli. Mwaka juzi nilipogoa,
nikatupa matawi upande wa pili wa wigo,
kwa Bi Kalekwa, bila kufikiri.
Beberu lake likala.
Siku ya tatu pua imebabuka, macho manjano,
linakimbia jua kama mdaiwa.
Siku ya sita tukalifukia.
Nililipa. Laki na ishirini, kwa mafungu manne,
na fungu la tano, ambalo hakulidai,
lilikuwa kupita mlangoni kwake kiangazi kizima
nikisalimia ukuta.

Septemba, vumbi hadi ndani ya chai,
mtaa mzima rangi ya gunia,
lantana peke yake inawaka,
Bi Kalekwa akaja na panga.
Nikasimama na ufagio, sijui wa nini.
Akakata upande ulioinamia kwake,
akafunga mzigo, akaubeba mwenyewe hadi shimoni.
Upande wangu hakuugusa.
"Nyuki wangu," akasema, "mwezi huu hawana pengine."
Basi, hilo tu.
Novemba mjukuu wake akaleta asali
kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
haijajaa.

Kwa hiyo matawi yafukie, usimtupie jirani.
Vishada vikishapukutika, kata kabla ya matunda.
Watoto watakuambia yakiwa meusi ni matamu;
usibishane nao, wewe kata yakiwa kijani.
Ndege wakikuwahi wataupanda mpaka msituni,
na misitu yetu ina mzigo wa kutosha.
Huu ni mmea wa uani, wifi,
unataka mtu wa kuukatalia.

Kaka yako anakusalimu. Ameniona nikifunga gazeti,
akauliza, "Gugu linasafiri kwa nauli?"
halafu akaenda kuniletea uzi.

Majani yatadondoka yote njiani, usishtuke.
Likipita juma, kikikauka kama njiti ya kiberiti,
usinipigie simu kulia.
Kwangua ganda kwa ukucha, padogo tu.
Ukiona kijani chini yake,
rudi ndani, endelea na kazi zako.