Juani Nyoka, Ndani Ukungu

Mjomba Dismasi alitaka video fupi,
dakika moja tu, ya kumpelekea Bi Somoe wa Kitangari
aone kwamba gitaa bado lipo na mkono bado upo,
asije akakodi spika na kijana wa fleshi
kwa shughuli ya kumtoa mwali.

Nikamkalisha nje, saa sita kamili,
jua la Newala limesimama wima juu ya bati.
Uzi wa sita ni waya wa klachi ya pikipiki,
aliufumua mwenyewe, akaupaka nta.
Akapiga. Kuku wakatawanyika.
Nikarekodi, nikatuma,
nikarudi kwenye meza yangu ya kubadilisha vioo.

Jibu likaja kabla ya alasiri:
"Mwambie mjomba wako kwanza akaze nyuzi.
Zimelegea kama kamba ya kuanikia.
Hatulipi elfu themanini kwa mpira wa suruali."

Weee.
Nilimsomea huku nimeangalia chini.
Hakutukana. Aliiomba simu,
akaisogeza mpaka puani, akajiona:
mkono wake, pete yake, kovu lake la panga,
lakini nyuzi,
nyuzi zilikuwa nyoka sita wanaogelea juu ya ubao,
mnene na mikunjo yake mipana,
mwembamba na mikunjo ya kubanana, meno ya kitana.
"Huyu nani," akauliza, "anayepiga kwa mkono wangu?"

Nikamweleza kama ninavyojua.
Simu haitazami, mjomba. Simu inaokota.
Inaanza mstari wa juu, inashuka,
mstari, mstari, mstari,
kama tulivyookota korosho shambani kwa bibi:
ukifika mkorosho wa mwisho na ndoo yako
wa kwanza umeshadondosha tena.
Jioni unasema, leo nimelimaliza shamba.
Uongo. Umechukua asubuhi ya mkorosho huu
na adhuhuri ya ule,
ukazimwaga kwenye gunia moja, ukaliita leo.
Na uzi wako haungojei ndoo.
Simu inaukuta hapa umepanda, pale umeshuka,
halafu inaunganisha.

Akafikiri.
"Kwa hiyo haisemi uongo."
Haisemi.
"Na nyuzi zimekazwa."
Zimekazwa.
"Basi ni karani wa ghala," akasema.
"Kila namba ya kweli, jumla ndiyo ya ajabu."

Nikailaza simu ubavu: nyoka wakapotea,
nyuzi zikanyooka, ila kila mmoja na pacha wake.
Tukaingia ndani, kwenye balbu ya sola iliyochoka:
nyuzi zikayeyuka kabisa, ukungu mtupu,
ule wa Juni unaopanda kutoka bonde la Ruvuma
ukameza kanisa, ukameza mnara wa simu.
"Juani nyoka, ndani ukungu!"
Alicheka mpaka akakohoa.
"Sasa mimi mwenyewe nilipiga lini?"

Sikuwa na jibu la hilo.
Niliweka kiganja kwenye tumbo la gitaa akiwa anapiga,
nikahisi mbao zikinguruma hadi kiwiko,
na huko hakukuwa na mistari.

Bi Somoe nilimtumia maelezo kwa sauti, dakika nne,
na korosho zote na ndoo.
Hakujibu.
Basi nikaziba kamera kwa kidole gumba,
nikarekodi upya: dakika moja ya giza
na mjomba ndani yake.
Akaandika, "Picha haionekani."
Kisha, baada ya swala ya isha:
"Elfu sitini. Aje Ijumaa. Na mafuta ya pikipiki juu yake."

Ile ya nyoka alinikataza kuifuta.
Usiku akidhani nimelala huiomba simu gizani,
huitazama tena na tena, bila sauti,
kidole chake cha shahada kikifuatisha
mkunjo mmoja,
mmoja,
kama anayejifunza kusoma.