Hesabu ya Tonge la Theluji

Nimeazima mita maktabani hapa Kuhmo,
kidude cheupe cha kuchomeka kati ya plagi na ukuta.
Terttu akaigongea muhuri kama riwaya.
"Wiki mbili, Raili. Ukichelewa, faini."

Friza langu lina umri wa binti yangu.
Limelala chumba cha nyuma kama ng'ombe mzee,
linakoroma, linanyamaza, linashtuka,
linakoroma tena.
Usiku mwingine huwa naliitikia.

Jarkko, mkwe wangu, anaishi na simu kiganjani.
Bei ya umeme hapa hubadilika kila saa.
"Mama, saa kumi na mbili jioni ni ghali, usioke.
Saa tisa usiku ni karibu bure."
Nani huoka mkate saa tisa usiku?
Nimeoka.

Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Misonobari inapasuka kwa mlio wa bunduki.
Ndani nimewasha jiko la kuni nipate joto,
na nyuma ya jiko nalipia baridi,
ubao mmoja tu ukitenga
baridi ya kununua na baridi ya bure.
Afadhali anayepeleka maji mtoni:
mto haumtumii bili.

Mita ikasema: uniti mbili na nukta moja kwa siku.
Nikaketi na penseli.
Nikaongeza kodi, nikaongeza usafirishaji
(umeme nao hulipiwa nauli, kama abiria),
ikaja yuro mia moja na saba kwa mwaka.
Nikarudia.
Mia na saba.

Basi nikatoa. Ndoo nne za beri nyekundu,
samaki wa Juni, macho wazi,
uyoga, mikate, mfuko mmoja usio na jina
ambao hata mimi siujui,
vyote hadi banda la kuni, nikatia komeo
mbweha asije akala karamu yangu.

Chini kabisa, ndani ya kopo la aiskrimu,
tonge la theluji.

Pihla alilifinyanga ana miaka minane,
kesho yake mwanangu akawahamishia Malaga.
"Nitunzie, Bibi. Nitakuja kulirusha."
Limekuwa gumu, rangi ya jino,
alama za vidole vitatu bado zipo.
Sasa ana kumi na tano.
Hajaliuliza.

Penseli tena.
Sehemu moja katika elfu ya friza.
Senti kumi na ushee kwa mwaka.
Kwa miaka saba, senti sabini na tano:
andazi la dukani ni ghali zaidi.

Lakini hiyo ni hesabu ya friza lililojaa.
Sasa limebaki peke yake humo,
na mia na saba zote ni zake.

Nikalitoa. Nikasimama nalo uani,
theluji imenifika kiunoni,
imetandazwa bure hadi Urusi,
nami nimekumbatia ya kulipia.
Nikacheka, mvuke ukanitoka.

Likakaa bandani Januari yote, Februari yote.
Friza likawa wazi, kavu, paka akilala humo.
Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Machi, tarehe kumi na tisa, mchana,
ukingoni mwa paa:
to.
Kisha: to.

Beri nilishazipika jamu. Samaki nimegawa, nimekula.
Jarkko akasema, "Liweke kwenye friji ya jikoni, Mama,
pale juu pana nafasi ya ngumi."
Ana haki. Nikammiminia kahawa.

Saa tisa usiku, saa ile ya bure,
nikamtoa paka, nikachomeka plagi.
Likashtuka. Likakoroma.
Nikaliweka katikati, peke yake, kama yai.

Mita niliirudisha jana.
Terttu akahesabu siku kwa kidole, akatikisa kichwa,
akataja faini.
Nikalipa, sikuuliza ni ya nini.