Kushoto Inapokuwa Kulia

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo, nyuma ya Barka,
tumeshafagia changarawe kwa makuti ya mtende,
mita sitini, upana wa gari mbili.
Kwenye nondo linaning'inia kono la kanzu ya Mughaira,
kanzu iliyoungua pasi. Hilo ndilo linalotusomea upepo.
Leo limelala.
"Rusheni," anasema, "kabla halijaamka."

Mimi ndiye mweka hazina. Hazina ni kopo la maziwa ya unga:
riali kumi na nne, risiti ya gundi,
na skrubu ambazo hakuna akumbukaye zilitoka wapi.
Kurusha bado. Mwaka wa tatu huu.
Kupaa napaa, kwenda nakwenda;
kazi ni kurudi.

Maana ndege ikikupa mkia mnaelewana,
ukiiambia kushoto, nayo kushoto.
Lakini igeuke, ikujie pua mbele,
kushoto kwako ndiko kulia kwake,
na vidole hivi vilivyosaini mikataba
vinakuwa vya mtoto wa chekechea.

Nilikuja nchi hii na miaka tisa, kutoka Wete.
Mwalimu alikichukua kitabu changu, akakigeuza,
akagonga jalada la nyuma: mwanzo ni hapa.
Nikazoea. Ila hata leo nikihamanika
nahesabu kwa Kiswahili,
na gurudumu hugusa chini upande nisioutaka.

Shaima, binti wa Mughaira, ana miaka kumi na tano
na subira ya kunitosha.
"Usifikiri, Ami. Tazama bawa linaloinama.
Peleka kijiti upande huo huo,
kama unalitilia mto."

Nikalitilia mto.
Ikanyooka! Ikaja, nyekundu, tulivu,
ikapita juu ya vichwa vyetu, na Rogelio akainua kikombe.
Nikajisahau nikamtazama Rogelio.
Nilipoinua macho, jua lilikuwa pale pale nilipoiacha.
Mvumo ukawa mwembamba.
Halafu hakuna mvumo.

Tukajipanga mstari, hatua kumi baina ya mtu na mtu,
tukaingia wadi:
Dadkarim na fimbo yake ya nyoka,
Rogelio na kikombe bado,
na wale ndugu wawili wa Nakhal
wanaozungumza na injini yao tu.
Mbuzi walitupisha kwa dharau.

Ni Rogelio aliyepiga kelele. Chini ya mkunazi, bawa.
Bawa la njano.
Yangu nyekundu.
Wino ulikuwa umepauka, lakini ulisomeka:
BIJU, na namba ya kwao, Kottayam.
Kampuni ilipofungwa alirudishwa, Ramadhani ya mwaka juzi;
hii tuliitafuta Ijumaa mbili, tukamsindikiza bila hiyo.

Tukapiga. Alikuwa kwenye foleni ya mitungi ya gesi.
Nikamweleza kwa Kiarabu chetu kile cha kazini,
kisichojua jana wala kesho.
Hakushangaa. Akauliza:
"Betri imevimba?"
Imevimba.
"Mkia?"
Mbuzi wamekula.
Nikasikia mtungi ukiburutwa, mtu akigombana na mtu.
"Na upepo hapo, vipi?"

Sote tukageuka. Kule mbali, dogo kama kidole,
kono la Mughaira lilikuwa limejaa, linaelekeza baharini.
"Umeamka," nikamwambia.
"Basi msirushe tena," akasema, na foleni ikamchukua.

Yangu hatukuiona.
Jioni niliandika kwenye daftari la kopo:
imepotea moja, nyekundu; imepatikana moja, njano.
Hesabu ikakubali. Mimi sikukubali.

Shaima aliniuliza garini kama niliandika namba yangu.
Niliandika, mwanangu. Kwa kalamu nene,
chini ya bawa la kushoto.
Au la kulia:
inategemea inakwenda, au inakuja.