Mnywaji

Tulimwona Machi, siku ya kwanza ya jua lisilo na uongo,
juu ya unyasi, kando ya mfereji wa Selby:
urefu wa kidole changu cha kati,
kahawia iliyonyunyiziwa vumbi la dhahabu,
vishungi vyeupe ubavuni,
na shungi la kusimama huku, jingine kule,
hata hujui aendako ni upi na atokako ni upi.

Mkono wangu ulirudi wenyewe.
Nimelelewa Tanga, na Tanga kiwavi haguswi;
ukimgusa utajikuna mbele za watu
hadi uitwe huna adabu.
Khelef hana kumbukumbu hiyo. Ana miaka tisa.
Aliukata unyasi mzima mzima
akambeba kama mshumaa uliowaka.

Bi Hesketh wa mlango wa pili alivaa miwani.
"Huyo nondo wa mbweha," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyegawa barua miaka thelathini
asikosee nyumba.
Alikosea.
Wa mbweha hana vishungi vyeupe,
wala hana mkia wa kujionyesha.
Tulikesha na kitabu cha maktaba, kurasa zimenata kwa jemu,
tukihesabu madoa ya mgongoni,
hadi mtoto akaweka kidole: huyu.
Na jina? Akanifasiria: Mnywaji.

Chai ilinipalia.
Mnywaji! Nyumbani mwangu!
Na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi!

Kumbe anywacho ni umande tu.

Nilimpa chupa pana iliyokuwa ya achari,
nimeiosha mara tatu, nimeinusa mara nne.
Kipande cha chandarua mdomoni, mpira wa kufungia.
Alfajiri, nikitoka zamu ya kiwanda cha mikate,
unga ungali kwenye nyusi,
nilichuma nyasi za mferejini
watu wa mbwa wakinitazama.
Maji nilimpulizia kwa chupa ya kupigia pasi.
Alikuwa akiinua kichwa, tone likitetemeka,
akalivuta polepole, kama mgeni mwenye haya.

Mwaka ule mezani tulikuwa wawili tu, mimi na Khelef.
Viti viwili tulivisukumia ukutani.
Simu ilipoadhini magharibi
nilipuliza kwanza upande wa chupa,
kisha nikashika tende.
Tukanywa, sote watatu.

Wa pili aliletwa na Bi Hesketh
ndani ya kopo la siagi, bila neno;
ndivyo anavyoomba radhi.
Alinenepa haraka kuliko wa kwanza.
Mei akaacha kula.
Siku mbili ameduwaa kwenye bua,
siku ya tatu yakamtoka ubavuni mabuu meupe,
madogo, punje za mchele,
yakaanza kujifuma palepale juu ya ngozi yake.
Nyigu alishamtembelea
kabla sisi hatujamjua.
Khelef alitaka niyatupe chooni.
Bi Hesketh aliyatazama, akalichukua kopo lake.
"Nayo ni watoto wa mtu," akasema,
akaenda kuyaweka nyuma ya mabafu ya ndege.

Wa kwanza alijifunga Juni:
kifuko kirefu, rangi ya karatasi ya zamani,
kimeshikamana na bua.
Nikaendelea kupuliza, kidogo kidogo, kwa mazoea.

Julai, usiku ambao sikuwa na zamu,
alikuwa amekaa juu ya chandarua,
mnene, manjano ya majani yaliyokauka,
mabawa bado na mikunjo.
Khelef aliamka na kitabu kwapani.
"Mama, humu wanasema hana mdomo.
Akishaota mabawa hali tena. Hanywi."
"Hata tone?"
"Hata tone."

Tulifungua dirisha la jikoni.
Hakuwa na haraka. Sisi pia.

Chupa imerudi kwenye pasi.
Juzi nilikuwa nikinyosha sare,
nikakuta unywele mmoja mweupe kwenye kola;
nikaupulizia maji,
sijui kwa nini,
nikauacha.