Nyenje wa Karani

Miaka ishirini na sita nimeua wadudu kwa mshahara.
Ghala namba tatu, magunia ya mahindi hadi darini,
turubai juu, vidonge chini, mlango umezibwa kwa udongo siku saba;
tukifungua, dumuzi wamelala kama mchanga,
na mimi nafagia.

Leo, Ngamiani, barabara ya kumi na tano, chumba cha uani,
nawalea.

Chanzo ni Karani. Alishuka na tenga la machungwa ya Muheza,
mguu mmoja umevunjika, rangi imemtoka.
Sokoni wakapiga yowe, mmoja akaokota jiwe.
Mwantumu, mjukuu wangu, akamfunika kinyonga kwa kanga yake.
Jina tulimpa kwa jinsi anavyotazama:
jicho hili kwenye daftari, lile mlangoni.

Karani hali maiti.
Umletee kinachotembea, ama akugeuzie mgongo
awe na rangi ya ukuta.

Basi nikajifunza. Ndoo mbili za rangi, vifuniko nimevitoboa,
nikashonea kipande cha chandarua.
Trei za mayai zimesimama wima, wapate vichochoro.
Pumba, ganda la papai, mchicha wa Mgandini,
na mimi, mimi huyu, ndiye ninayemuuliza muuzaji,
"Umepigwa dawa huu?"
Anacheka. Ananijua.

Maji usiweke kwenye kisahani, watazama; weka pamba iliyolowa.
Unyevu ukizidi, harufu ya mkojo wa popo,
kesho yake unafagia tena kama zamani.
Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji,
maana sisimizi hawabishi hodi.
Jike utamjua kwa sindano yake ya nyuma:
huichoma kwenye kopo la mchanga mbichi
kama fundi anayepiga bandi.
Siku kumi na mbili, mchanga unaanza kutembea.

Njaa ikiwashika hulana. Hilo halikunishangaza,
nimeishi na watu.

Jumamosi Mwantumu huenda Raskazoni kuokota mfupa wa ngisi.
Tunautwanga kwenye kinu cha iliki,
tunawatikisa nyenje mfukoni hadi wawe weupe
kama wapishi wa maandazi.
Mmoja mmoja. Asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya Karani.
Ulimi unatoka, tap!
na ndani ya ndoo inapungua sauti moja
ambayo nadhani ni mimi tu ninayeisikia.

Vuli ilipoanza wakaja wapiga dawa ya mbu, nyumba kwa nyumba.
Kijana wa mbele, bomba mgongoni, ni Semhando.
Mimi nilimfundisha kufunga barakoa.
Mimi nilimwambia, "Usiruke kona, mdudu anaishi konani."
"Shikamoo, mwalimu. Tumebakiza chumba cha uani."
Nikasimama mlangoni, mikono miwili imeshika miimo,
mzee mwenye bukta,
neno limenipotea. Niseme nini?
Kwamba mle ndani kuna watoto wa siku tatu?

Nyenje wakanisemea.
Mchana ule, katika giza lao, wote kwa pamoja.

Semhando akaegemeza sikio kwenye ubao wa mlango.
Bomba lilikuwa linavuja, tone, tone,
juu ya kizingiti nilichokipiga deki asubuhi.
"Mwalimu," akasema, "hawa si wale wale?"
"Wale wale," nikasema.

Akatoa chaki, akaandika juu ya mlango alama yetu ya ghalani,
duara lenye mkato katikati: kimepigwa.
Akaenda zake, hakugeuka.

Nikakiosha kizingiti kwa sabuni mara tatu.
Jua lilikuwa bado, Karani hajalala.
Nikafungua ndoo, nikachagua mmoja, mnene, aliyekuwa akiimba,
nikampaka unga wa ngisi,
nikampeleka.